Usikitupe kioo cha simu: jinsi kinavyotumika kukadiria mionzi uliyopata kwenye ajali

Nianze na jibu la swali ambalo najua linakuja: hapana, huwezi kupima mionzi mwenyewe kwa kuangalia kioo cha simu yako, na hamna app ya kukisoma. Kusoma ni kazi ya labu. Kazi yako we ni kuhakikisha kioo kinafika huko kikiwa bado kimebeba kumbukumbu yake, na hiyo ndo sehemu inayoharibika kirahisi kuliko zote, manake mtu katoka kwenye ajali, simu ina vumbi, anaiosha, anaianika juani ikauke, anaichaji usiku kucha, kesho yake anampelekea fundi simu abadilishe kioo kilichopasuka, na hapo ushahidi wote umekwenda na maji.

Ajali ninazozisemea hapa ni zile zinazowakuta watu wasio na kipimo chochote mwilini. Mfanyakazi wa kinu cha nyuklia au chumba cha eksirei anavaa beji kifuani, kikitokea kitu beji inasomwa, kwisha. Mtu wa kawaida havai beji. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu walichukua sehemu ya mashine ya tiba ya mionzi kwenye kliniki iliyotelekezwa, wakaibomoa wauze kama chuma chakavu, kumbe ndani kuna unga wa siziamu-137 unaong'aa bluu gizani, watu wakaupenda, wakagawiana, wengine wakajipaka. Wiki mbili hivi zikapita ndo ikajulikana ni nini. Wakapimwa watu zaidi ya 112,000, wakakutwa 249 wamechafuka, na wanne wakafa ndani ya wiki chache. Sasa jiulize, kwenye umati wa watu laki moja na zaidi unamjuaje aliyepata kingi, aliyepata kidogo, na ambaye hajapata kitu ila ana hofu tu? Mwaka ule hakuna aliyekuwa na simu mfukoni. Leo karibu kila mtu anatembea na kipande cha kioo kilichokaa sentimita chache tu kutoka kwenye mwili wake, ni kama beji aliyoivaa bila kujua.

Kioo kinakumbukaje

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa, silika, ukaongezwa vitu kama soda, chokaa, oksidi ya alumini na kadhalika kutegemea kinatengenezwa kwa kazi gani. Kwenye fuwele atomu zimepanga foleni vizuri, kwenye kioo zimekaa shaghalabaghala, na humo katikati kuna vishimo vingi. Mionzi ya gama au eksirei ikipita inang'oa elektroni kwenye atomu, nyingi zinarudi papo hapo, ila chache zinadumbukia kwenye hivyo vishimo na kunasa humo. Dozi ikiwa kubwa zinanasa nyingi, ikiwa ndogo zinanasa chache. Zinakaa humo siku, wiki, nyingine miezi.

Ukipasha kioo moto elektroni zinapata nguvu ya kuchomoka, zinarudi nyumbani kwao, na zikirudi zinatoa mwanga. Mwanga hafifu sana, jicho halioni kitu, unahitaji kifaa kinachohesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja. Kitaalamu inaitwa themoluminesensi, na si jambo jipya hata kidogo, wachimbaji wa mambo ya kale wanatumia njia hiyohiyo kujua umri wa vyungu vya udongo, na wale waliokadiria mionzi ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya 1945 walipima vigae vya paa na matofali yaliyobaki.

Kwa hiyo shika mambo mawili, mengine yote humu yanatokana na hayo. Joto linafuta kumbukumbu. Mwanga nao unafuta, na balaa lenyewe ni kwamba mwanga wa jua wenye miale ya urujuanimno unafanya yote mawili, unafuta ya kweli na unaandika ya uongo kwenye ngozi ya juu ya kioo, yaani kioo kilichoanikwa juani kinaweza kuonyesha dozi ambayo hukuipata. Ndo maana giza ni muhimu kuliko chochote utakachofanya.

Na tafadhali usikae unakikagua kioo kama kimebadilika rangi. Ni kweli mionzi inabadilisha rangi ya kioo, Marie na Pierre Curie waliliandika hilo tangu 1899 baada ya kuona chupa za rediamu zinageuka zambarau, lakini kwa vioo vya kawaida hiyo ni mionzi ya maelfu ya grei. Grei, kwa kifupi Gy, ndo kizio cha dozi ambayo kitu kimefyonza, na binadamu aliyepata grei 10 mwili mzima yuko kwenye hatari ya kufa. Kioo chako kikibaki cheupe hakijakwambia chochote.

Kwanza wewe, kioo baadaye

Hii naisema haraka kwa sababu ndugu, hamna kipimo kinachozidi uhai. Ondoka eneo la hatari, fuata maelekezo ya waokoaji. Kama kuna vumbi au moshi vua nguo za juu taratibu bila kuzikung'uta, hapo unakuwa umetoa sehemu kubwa ya uchafu uliokushika, zitie kwenye mfuko ufunge, alafu oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila kujisugua mpaka ngozi ikachubuka. Na kama unahitaji simu kuita msaada au kumtafuta mtoto, itumie. Dakika kumi za kupiga simu hazitaua kipimo. Siku kumi za kuendelea kuitumia kama kawaida ndo zitakiua.

Kioo gani kinafaa

Cha kwanza ni kioo cha simu, na hata kikiwa kimepasuka vipande kumi hakuna shida, labu yenyewe itakivunja tu. Simu nyingi zina zaidi ya kioo kimoja, kuna kile cha juu unachogusa, chini yake kuna vioo vyembamba vya skrini, na siku hizi hata mgongo ni kioo. Vile vya ndani vina bahati ya kujificha mwanga kidogo. Halafu ndani kabisa kwenye ubao wa saketi kuna vipande vidogo sana vya kauri ya alumina, rezista, ambavyo vimekaa gizani muda wote na vinasomwa kwa kumulikwa badala ya kuchomwa, na vinaona hata dozi ndogo kuliko kioo, ila na vyenyewe vinasahau upesi. Ndo maana nasema toa simu nzima, usitoe kioo peke yake. Kile kioo cha kubandika cha kuzuia michubuko kiache hapohapo, usikibandue, kama ni kioo kweli na sio plastiki kinaweza kuwa sampuli ya ziada, na kikiwa plastiki hakina madhara.

Saa ya mkononi ni nzuri pia, kioo chake ni kidogo lakini kilikuwa kwenye ngozi yako, na hilo lina thamani yake nitakuja kulisema. Angalia tu, saa za gharama nyingi hazina kioo bali yakuti ya kutengenezwa, hiyo ni fuwele na sio kioo, ipeleke tu, wataamua wenyewe. Miwani mingi ya siku hizi ni plastiki kwa hiyo isikupe matumaini, ila ukiwa na ile ya zamani nzito ya kioo ichukue.

Kioo cha dirisha, balbu, glasi ya kunywea maji, hivi vinapimika, lakini vinakwambia mionzi iliyokuwa mahali, sio iliyokuwa kwako. Wachunguzi wanavihitaji kuchora picha ya eneo zima, chumba hiki kilipata kiasi gani na kile kiasi gani. Kwa hiyo kama nyumba ni yako usikimbilie kuvitupa, waulize kwanza, wala usirudi ndani kuvifuata.

Namna ya kuitunza simu

Izime. Usiichaji, manake betri ikichaji inapata joto, na joto hata lile dogo likikaa masaa mengi linaharakisha kusahau. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, nadhani hilo ndo kosa baya kuliko yote kwa sababu linaleta joto na jua kwa pamoja. Kama ina vumbi la kutiliwa shaka vaa glavu, ifute taratibu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo au wipsi, na hicho kitambaa kitie kwenye mfuko wake peke yake usikitupe ovyo, nacho wanaweza kukitaka. Hii ya kufuta ina sababu mbili. Moja ni usalama wako. Ya pili watu wengi hawaifikirii, vumbi lenye mionzi likibaki juu ya kioo linaendelea kukipiga humo ndani ya mfuko siku nzima, usiku mzima, wakati wewe uliondoka zamani, matokeo yake kioo kinaonyesha dozi kubwa kuliko uliyopata mwenyewe.

Baada ya hapo ifunge kwa foili ya alumini au karatasi nyeusi nene, tabaka mbili, mwanga usipenye kabisa, alafu mfuko wa plastiki wenye kufungika. Iweke pakavu pasipo na joto, mbali na jiko, mbali na dirisha. Friji ya chakula hapana, hutaki kitu cha kutiliwa shaka karibu na unachokula. Usilale nayo. Nje ya mfuko andika jina lako, tarehe na saa uliyoifunga.

Kama una simu mbili na zote zilikuwa mwilini siku ile, toa ile ambayo unaweza kuishi bila yake. Na kama kuna ndugu au rafiki mwenye simu ya toleo lilelile kabisa ambaye hakuwepo kwenye ajali na yuko tayari kuitoa mhanga, hiyo ni dhahabu kwa labu, manake kila aina ya kioo ina tabia yake na kioo safi cha aina hiyohiyo kinawaonyesha jinsi kinavyotoa mwanga kikiwa hakijapigwa na kitu.

Usimpelekee fundi simu akutolee kioo! Mafundi wanapasha simu moto ili gundi iachie, na moto huo unafuta sehemu ya kile tunachokitafuta, alafu ataifanyia kazi chini ya taa kali ya mezani. Ukitaka kuua sampuli kwa dakika tano hiyo ndo njia.

Andika hadithi, hapa usifanye uvivu

Watu wanadhani kioo kinatoa jibu peke yake. Kioo kinatoa dozi ya kioo. Kutoka dozi ya kioo kwenda dozi ya mwili wako kuna safari, na safari hiyo inategemea maneno yako.

Chukua mfano. Chanzo cha mionzi kiko kwenye kona ya chumba. Simu yako iko mezani nusu mita kutoka kwenye chanzo, wewe umekaa mita mbili. Kwa chanzo kidogo mionzi inapungua kwa kadiri ya umbali zidisha kwa umbali, kwa hiyo ukienda mbali mara nne inapungua mara kumi na sita. Kioo kikisema grei 3, wewe umepata chini ya robo grei, na tofauti hiyo ni ya mtu wa kulazwa wodi maalumu na mtu wa kwenda nyumbani akarudi kupima damu. Sasa kama hukusema kwamba simu ilikuwa mezani? Na kinyume chake kipo, simu imeachwa chumba cha pili ina usafi wa moyo kabisa wakati mwenyewe umeungua.

Hata ikiwa mfukoni, mwili wako ni ukuta. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na chanzo kiko mbele, nyama na mifupa inazuia sehemu ya mionzi kabla haijafika kwenye simu, kwa hiyo kioo kinapunguza. Ikiwa mfuko wa mbele na chanzo mbele, kioo kinapata kingi kuliko uboho wako wa ndani. Wataalamu wana vielelezo vya mwili wa binadamu kwenye kompyuta, wanaiweka simu ya kufikirika mfuko huu au ule, wanarusha mionzi kutoka pande mbalimbali, wanapata namba ya kuzidishia. Wakikosa maelezo yako wanalazimika kubuni wastani wa pande zote, na makosa yanapanuka.

Kwa hiyo kaa chini mapema kabla hujasahau, chukua kalamu na karatasi (sio simu ileile ndugu yangu) uandike: saa ulipoingia eneo na saa ulipotoka, ulisimama wapi na ulielekea wapi, simu ilikuwa mfuko upi, kushoto au kulia, mbele au nyuma, skrini imeangalia mwilini au nje, saa ilikuwa mkono gani. Ulishika kitu? Simu uliinunua lini, kioo kiliwahi kubadilishwa? Kava ni ya ngozi, plastiki au chuma? Tangu ajali simu imekaa wapi, ilipata jua, ilichajiwa mara ngapi? Sema ukweli hata kama ulikosea. Labu ikijua kwamba ilikaa juani masaa mawili inaweza kubadili njia ya kusoma, isipojua itaamini namba ya uongo.

Andika pia kama ulitapika na ilikuwa saa ngapi. Kutapika ndani ya saa moja au mbili kunaweza kuwa dalili ya dozi kubwa, lakini hofu nayo inatapisha, harufu inatapisha, kuona wenzako wanatapika kunatapisha. Kioo hakina hofu, na ndo utamu wake.

Hapa niseme na mipaka yake. Kama ulivuta hewa au kumeza vumbi lenye mionzi, kioo hakijui kilichoko tumboni mwako, hiyo inapimwa kwa mashine ya mwili mzima na kwa mkojo. Nyutroni, ambazo ni aina nyingine ya mionzi, kioo hakizisomi vizuri. Na kama uliokota kitu kwa mkono, mkono unaweza kuwa umepata dozi ya kutisha wakati simu iliyoko kwenye koti imepata kidogo tu. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, mchomeleaji aliokota chanzo cha iridiamu-192 akakitia mfuko wa nyuma wa suruali bila kujua ni nini, ikaishia kukatwa mguu. Simu kwenye mfuko wa shati isingeweza kuisimulia hiyo paja. Hapo ndo ile saa ya mkononi inapopata thamani, inasimulia habari za mkono.

Kinachoendelea labu

Wanapokea, wanapima kama ina uchafu wa mionzi, wanapiga picha, alafu inaingia chumba cha giza chenye taa hafifu nyekundu. Mimi mara ya kwanza kukata sampuli nilisahau mlango haukufungwa vizuri, mwanga wa korido ukapiga meza kama robo saa, na aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza, aliniambia tu nianze upya na kioo kingine. Bahati yangu vilikuwa vioo vya mazoezi. Sampuli ya mtu haina kioo kingine.

Kioo kinatenganishwa na gundi bila moto, kinakatwa vipande vya milimita chache vinavyokaa kwenye kisahani cha mashine, vinasafishwa. Labu nyingi zinaviloweka kwenye asidi ya haidrofloriki kwa dakika kadhaa ili kula ile ngozi ya juu iliyoandikwa uongo na jua, manake uongo uko juujuu na mionzi ya gama imeandika mpaka ndani. Hiyo asidi ni hatari isiyo na mzaha, inapenya ngozi bila maumivu mwanzoni, inakwenda kunyang'anya kalisi mwilini, na kiasi kidogo kinaweza kuua, ndo maana nimesema mapema hii sio kazi ya nyumbani. Labu nyingine zinamulika sampuli kwa taa ya bluu makusudi, zinafuta yote yanayofutika kwa mwanga, alafu zinasoma kilichogoma kufutika. Hiyo inasaidia sana kwa simu ambazo hujui zimepitia nini.

Kisha kipande kinapashwa moto taratibu, mathalani nyuzi 2 kila sekunde, mpaka 400 au zaidi, huku mashine inahesabu mwanga. Inatoka mchoro wenye mlima. Ukishasoma umefuta, hakuna kurudia, na hapo ndo ujanja ulipo: kipande hichohicho sasa ni kitupu, wanakipiga dozi wanayoijua kutoka kwenye chanzo cha beta cha strontiamu-90, wanakisoma tena, wanalinganisha. Kila kipande kinajisahihisha chenyewe.

Hesabu inakuwa hivi, namba nimezitunga za mfano. Usomaji wa kwanza 12,000. Kioo safi cha aina ileile bila ajali kinatoa 2,000, toa, inabaki 10,000. Ukikipiga grei 1 kinatoa 8,000. Gawanya 10,000 kwa 8,000 unapata grei 1.25. Lakini zimepita siku kumi tangu ajali na majaribio ya aina hiyo ya kioo yanaonyesha kwa siku kumi gizani kinapoteza asilimia 30, kwa hiyo gawanya 1.25 kwa 0.7, inakuwa kama grei 1.8. Hiyo ni ya kioo. Sasa ndo inakuja ile namba ya mfuko na upande, na marekebisho mengine kwa sababu kioo kina silikoni na kalisi kwa hiyo eksirei zenye nguvu ndogo kinazifyonza kwa wingi kuliko nyama inavyozifyonza, kwa gama ya siziamu-137 tofauti ni ndogo ila kwa eksirei za nguvu ndogo inaweza kuwa mara kadhaa. Umeona asilimia 30 ilivyobadili mambo? Kioo kinasahau haraka siku za mwanzo alafu kinapunguza mwendo, ndo maana kuipeleka simu siku ya pili na kuipeleka wiki ya tatu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna njia nyingine isiyochoma, wanaweka vipande vya kioo kwenye sumaku kubwa na mawimbi ya maikrowevu na kuhesabu elektroni zilizobaki bila mwenza. Uzuri wake haifuti kitu, unaweza kusoma mara kumi. Ubaya wake inaanza kuona vizuri kwenye grei moja mbili hivi.

Kuisoma namba yenyewe

Kioo cha simu kwa kuchoma kinaanza kuaminika kwenye mamia ya miligrei (miligrei 1,000 ni grei 1), kutegemea aina ya kioo na muda uliopita. Kulinganisha, CT scan ya tumbo ni kama miligrei 10 na mionzi ya asili ambayo kila mtu duniani anaipata ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kizio cha athari ya mionzi mwilini, kwa gama na eksirei ichukue kama sawa na miligrei). Kwa hiyo ukiambiwa hakuna kilichoonekana maana yake sio sifuri, maana yake ni chini ya uwezo wa kioo kuona, na hiyo bado ni habari njema sana, kwa sababu chini ya nusu grei huugui ugonjwa wa ghafla wa mionzi. Kati ya grei 1 na 2 wengine wanapata kichefuchefu na damu inashuka kidogo. Juu ya 2 unahitaji madaktari wakufuatilie kwa karibu. Ikifika 3.5 mpaka 4.5 bila matibabu karibu nusu ya watu wanakufa ndani ya siku 60. Kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986 waligundulika wafanyakazi na wazimamoto 134 wenye ugonjwa huo, 28 wakafa mwaka uleule.

Namba itakuja na mkia, mathalani 1.8 jumlisha au toa 0.4. Usiung'ang'anie huo mkia na kuanza kukokotoa uwezekano wa saratani kwa desimali, kipimo hiki kimekusudiwa kupanga watu kwenye mafungu matatu manne haraka, nani aonwe leo, nani kesho, nani aende nyumbani. Daktari ataichanganya na hesabu ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu yako, zinazoshuka siku hadi siku, na kipimo cha kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe ambazo mionzi inazivunja, ambacho chenyewe kinahitaji chembe zioteshwe kama siku mbili kabla ya kuhesabiwa. Vikigongana, kioo kinasema grei 2 na kromosomu zinasema 0.3, usishangae wala usidhani labu imekosea, rudi kwenye karatasi yako uangalie tena simu ilikuwa wapi.

Jambo la mwisho la kiutendaji, ulizia kabla ya kukabidhi: kioo hakirudi, na simu yenyewe mara nyingi hairudi ikiwa nzima. Toa laini na memori kadi kabla ya kuifunga kwenye foili kama unaweza kufanya hivyo haraka na kwa glavu, zifute nazo, na usije ukaiwasha simu tena nusu siku kwa ajili ya kuhamisha picha.